Kupima Hali ya Kokoto za Reli kwa Rada ya Kupenya Ardhi

Kokoto za reli zina kazi tatu. Hupokea mzigo kutoka kwenye mataruma, yaani magogo ya mbao, zege au chuma yanayolala chini ya vyuma vya reli, na kuutawanya ili udongo wa tuta usikandamizwe kupita uwezo wake. Huishika njia isisogee pembeni. Na huyapitisha maji ya mvua haraka yaende mitaroni. Kazi hii ya tatu ndiyo hufa mapema kuliko nyingine, na ikishakufa, mbili zilizobaki hazichukui muda kuifuata.

Kinachoiua ni unga. Kila treni inapopita mawe husagana, kona zake humeguka, na chembe zake hushuka na kujaza nafasi zilizokuwa wazi baina ya jiwe na jiwe. Utafiti wa Selig na Waters, uliotolewa mwaka 1994 na kutegemea njia za reli za Amerika ya Kaskazini, ulikuta kwamba takribani robo tatu ya uchafu ulitokana na mawe yenyewe kuvunjika. Mchanga unaopeperushwa na upepo, makaa na nafaka zinazomwagika kutoka mabehewani, na udongo unaopanda kutoka chini viligawana robo iliyobaki. Uwiano huo hubadilika kutoka njia moja hadi nyingine, lakini funzo lake linasaidia: hata njia ambayo haijawahi kumwagikiwa na kitu chochote itachafuka tu.

Zamani njia ya kuujua uchafu huo ilikuwa moja, nayo ni kuchimba. Kuchimba bado kuna nafasi yake, na mbele nitakurudisha kwenye sururu. Tatizo ni kwamba shimo hukueleza habari za pale lilipo tu. Kati ya shimo na shimo unabahatisha, na kokoto zinaweza kubadilika kabisa ndani ya mita kumi. Rada ya kupenya ardhi huziba pengo hilo. Hupita juu ya njia, wakati mwingine kwa mwendo wa treni, na kuleta picha isiyokatika ya kilicho chini ya mataruma.

Kabla ya kugusa mashine, lielewe jambo hili, maana makosa mengi ya wanaoanza hutoka hapa: rada haioni uchafu. Inapima mambo mawili tu, yaani mwangwi umetumia muda gani kurudi na umerudi na nguvu kiasi gani. Mengine yote tunayatafsiri sisi.

Namna inavyofanya kazi

Antena hutuma chini mpigo mfupi sana wa mawimbi ya redio. Mpigo ukikutana na mpaka wa vitu viwili vyenye sifa tofauti za umeme, sehemu yake huakisiwa na iliyobaki huendelea kushuka. Sifa inayohusika hapa huitwa kipimo cha daielektriki. Hewa ina 1, maji yana karibu 81. Kokoto safi na kavu za mawe kama graniti huwa na kama 3. Zikichafuka zikiwa bado kavu hupanda hadi 4 na ushei tu. Zikichafuka na kushika unyevu hufika 7 au 8, na zikijaa maji kabisa hupita 25.

Zitazame namba hizo tena. Kati ya kokoto safi kavu na chafu kavu tofauti ni ndogo mno, ila maji yakiingia pengo hupanuka ghafla. Kwa hiyo rada huugundua uchafu kwa mlango wa nyuma: uchafu hushika maji, na rada huyahisi maji.

Kasi ya wimbi hupatikana kwa kuchukua kasi yake hewani, ambayo ni mita 0.3 katika kila nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na kuigawanya kwa kipeuo cha pili cha kipimo hicho. Kina ni kasi mara muda, gawanya kwa mbili, kwa kuwa wimbi hushuka kisha hupanda. Chukua mwangwi uliotumia nanosekunde 6 tangu usawa wa juu wa kokoto. Kokoto zikiwa safi na kavu, kasi ni kama 0.17 na kina ni sentimita 52. Zikiwa chafu na zenye unyevu, kasi hushuka hadi 0.106 na kina hicho kinakuwa sentimita 32. Mwangwi ni uleule na muda ni uleule, ila majibu yamepishana kwa sentimita 20. Anayekuletea ripoti ya vina bila kukwambia alitumia kasi gani, mrudishie ripoti yake.

Hatua ya 1: Andika swali kwanza

Inaonekana ni jambo dogo, lakini antena, msimu na mwendo wa kazi vyote hutegemea swali. Unataka kujua mahali pa kupeleka mashine ya kusafisha kokoto? Unataka kujua unene wa kokoto ili mashine ishushwe kina gani? Au kuna sehemu ambayo kila ikishindiliwa, yaani njia ikiinuliwa na kokoto kukazwa chini ya mataruma, baada ya muda mfupi inazama tena, na unashuku udongo wa chini? Maswali haya matatu hayajibiwi na kipimo kimoja. La kwanza huhitaji masafa ya juu (mawimbi yanayotetema mara nyingi zaidi kwa sekunde), la tatu huhitaji masafa ya chini, na la pili liko katikati na hutegemea sana mashimo.

Kusanya pia kumbukumbu zilizopo: vipimo vya usawa wa njia, tarehe za kushindilia na za kusafisha kokoto, michoro ya makalavati na mitaro. Picha ya rada isiyo na kumbukumbu hizi husomeka nusu.

Hatua ya 2: Chagua antena

Masafa ya juu huona vitu vidogo lakini hayafiki mbali. Masafa ya chini hufika mbali lakini huona vitu vikubwa tu. Hilo hakuna mtengenezaji anayeweza kuliepuka.

Kwa hali ya kokoto zenyewe, antena za gigahazi 1 hadi 2 zinazoning'inizwa hewani ndizo zinazofaa. Sababu yake inavutia. Kwa gigahazi 2, urefu wa wimbi ndani ya kokoto safi ni kama sentimita 9, kwa hiyo mawe ya sentimita 3 hadi 6 na nafasi za hewa baina yake si madogo mno machoni pa wimbi hilo. Wimbi hugonga huku na huku na kutawanyika. Nafasi zikijaa unga na unyevu, mtawanyiko huo hufifia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani ni miongoni mwa waliofanyia kazi wazo hili kwa antena za gigahazi 2, na nadhani ndilo lililoifanya rada iwe chombo cha kupimia uchafu, si unene wa matabaka tu. Kwa megahazi 400, urefu wa wimbi unapita sentimita 40, na kwa wimbi refu namna hiyo kokoto huwa kama kitu kimoja kisicho na matundu.

Kwa tabaka lililo chini ya kokoto na udongo wa tuta, tumia megahazi 400 hadi 500. Hapo unatafuta maji yaliyotuama, udongo laini uliobonyea, na mipaka ya matabaka hadi mita moja na nusu au mbili. Udongo ukiwa wa mfinyanzi na wenye unyevu mwingi, usitarajie hata nusu ya kina hicho. Mfinyanzi hupitisha umeme, na kinachopitisha umeme huumeza mpigo.

Uwezo ukiruhusu, funga antena za aina zote mbili kwenye chombo kimoja. Kama huwezi na swali lako ni kokoto, chagua ya masafa ya juu.

Hatua ya 3: Panga mistari ya kupita

Mistari mitatu inatosha: mmoja katikati ya reli mbili, na mmoja kila upande, nje ya ncha za mataruma, yaani begani. Wanaobana matumizi hupita katikati peke yake. Ni heri kuliko kukosa, lakini bega ndilo mlango wa maji kutokea. Katikati pakiwa chafu na mabega yako wazi, maji bado yana njia. Mabega yakiziba, hata kokoto safi za katikati hugeuka dimbwi.

Mataruma ndiyo kero kubwa. Ya zege yana nyaya za chuma ndani, na chuma huakisi karibu nguvu yote ya mpigo. Ya chuma ni ukuta kabisa. Ya mbao hupitisha wimbi vizuri zaidi. Kwa mataruma ya zege au chuma, data ya kuaminika ya katikati ya njia ni ile iliyochukuliwa kwenye nafasi kati ya taruma na taruma. Mataruma yakiwa yamepishana kwa sentimita 60, piga mpigo kila sentimita 5, au angalau kila sentimita 10, ili uwe na mipigo kadhaa iliyoangukia kokoto tupu. Begani kero hiyo haipo, na kwa sababu hiyo picha za begani huwa safi zaidi.

Antena ining'inie sentimita 30 hadi 50 juu ya usawa wa mataruma, na ikae mbali na vyuma vya reli kadiri nafasi inavyoruhusu. Mwangwi wa reli huonekana kama mstari mnyoofu usiobadilika, na utauondoa baadaye. Antena inayocheza juu na chini ni kero zaidi ya mstari huo, kwa hiyo ifunge ikaze.

Hatua ya 4: Chagua siku

Watu wengi husubiri ukame, wakidhani ardhi kavu ndiyo rafiki wa rada. Kwa kutafuta kina, ni kweli. Kwa kutafuta uchafu, unajinyima silaha yako kuu. Wakati mzuri ni siku moja hadi tatu baada ya mvua ya kutosha: kokoto safi zimeshachuja maji, chafu bado zimeyashika, na tofauti iko wazi. Mvua ikiwa inanyesha, acha. Kila kitu kitaonekana kimelowa.

Andika mvua ilinyesha lini na kiasi gani. Mwaka ujao ukipima njia ileile baada ya kiangazi kirefu, picha zitakwambia njia imepata nafuu wakati haijaguswa.

Hatua ya 5: Kibali na usalama

Rada yenyewe haina hatari kwa mtu. Nguvu inayotuma ni ndogo mno. Kinachoua ni treni. Usiingie njiani bila kibali cha maandishi kutoka kwa wanaoongoza treni, bila mlinzi wa njia ambaye kazi yake ni kuangalia treni tu, na bila kukubaliana mahali pa kukimbilia. Penye nyaya za umeme za juu, nguzo ya kifaa cha setilaiti kinachorekodi mahali ulipo isipite urefu ulioruhusiwa. Hakikisha pia kifaa kimekubaliwa na mamlaka ya mawasiliano, maana rada hizi hutumia masafa mapana yanayogusa ya watu wengine.

Hatua ya 6: Andaa mashine

Washa kifaa kwa muda ambao maelekezo yake yanataka ili kipate joto na kutulia. Kisha weka dirisha la muda, yaani nanosekunde ambazo kifaa kitasikiliza mwangwi baada ya kila mpigo. Usibahatishe, piga hesabu. Antena iko sentimita 40 juu: kwenda na kurudi hewani ni nanosekunde 2.7. Unataka kuona mita moja chini, na unakisia kipimo cha daielektriki ni 6: hapo ni kama nanosekunde 16. Jumla inakaribia 19. Weka 25 upate akiba. Kwa antena ya megahazi 400 inayotafuta mita mbili katika udongo wenye unyevu, anza na 50.

Pima usahihi wa gurudumu la umbali, lile linalohesabu mita ulizokwenda, kwa kulipitisha kwenye urefu uliopimwa kwa futi kamba, mita 100 kama zipo. Kosa la asilimia moja tu ni mita 10 kwa kila kilomita, na mita 10 zinatosha kumpeleka mchimbaji mahali pasipo na tatizo lolote. Kifaa cha setilaiti husaidia, lakini kwenye mahandaki na mabonde yenye miti mikubwa gurudumu ndilo utakalolitegemea.

Kwa antena za kuning'inizwa, laza bamba la chuma chini yake, pana kuliko eneo ambalo antena inaliona, na urekodi. Bamba huakisi nguvu yote, hivyo unapata kipimo cha juu kabisa cha kulinganishia mwangwi mwingine wote. Rekodi pia antena ikiwa imeelekezwa angani, upate kelele zake yenyewe. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Namba zikihitilafiana sana, kuna kitu kimelegea.

Hatua ya 7: Pita

Kwa trole ya kusukumwa utakwenda mwendo wa mtu. Kwa gari la reli, mwendo hutegemea mipigo ambayo kifaa kinaweza kutoa kwa sekunde. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde. Ukitaka mpigo kila sentimita 5, unahitaji mipigo 222 kwa sekunde kwa kila antena. Kifaa kikishindwa kitaruka mipigo, na vingine huruka kimyakimya. Kagua faili la kwanza ukiwa bado njiani, usisubiri ofisini.

Weka alama kwenye kila nguzo ya kilomita, daraja, kalavati, tambukareli na mahali njia zinapogawanyika. Kamera inayotazama mbele ni ya thamani kuliko inavyodhaniwa: mwangwi wa ajabu unaokupotezea saa nzima mara nyingi ni kipande cha reli kilichotelekezwa pembeni. Kata safari katika mafaili mafupi ya kilomita chache, ili faili likiharibika usipoteze siku nzima.

Hatua ya 8: Chimba mashimo

Hapa ndipo fedha za kazi hupunguzwa, na hapa ndipo zisingepunguzwa kamwe. Bila mashimo una picha nzuri zisizo na namba.

Usichimbe mahali pabaya peke yake. Angalia picha ghafi kwanza, kisha chagua sehemu za aina tatu: zinazoonekana safi, zinazoonekana chafu, na zile ambazo huna hakika nazo. Hizi za mwisho ndizo zinazofundisha zaidi. Chimba kati ya taruma na taruma, na mengine begani, hadi uufikie udongo wa chini. Pima kwa rula kina cha kila badiliko, piga picha ubavu wa shimo, na andika kama maji yalichuruzika.

Rudi kwenye picha ya rada, pale pale. Tuseme rula imesema kokoto zinakoma sentimita 46 chini ya usawa wa juu, na mwangwi wa mpaka huo umetumia nanosekunde 6.4. Kasi ni mita 0.92 gawanya kwa 6.4, yaani 0.144. Kipimo cha daielektriki ni 0.3 gawanya kwa 0.144, kisha mraba wake: kama 4.3. Sasa una kasi ya kweli ya mahali hapo. Fanya hivyo kwa kila shimo, na usizichanganye zote kupata wastani mmoja wa njia nzima. Sehemu safi iwe na kasi yake, na chafu yake.

Beba sampuli ya kila tabaka hadi maabara. Kwa mawe yanayofika milimita 50, sampuli isipungue kilo 20, la sivyo jiwe moja kubwa litayumbisha matokeo. Pima unyevu kabla haijakauka, kisha chekecha, na chembe ndogo kabisa zioshwe kwa maji, maana zikiwa kavu hung'ang'ania kwenye mawe. Kipimo cha uchafu kinachotumika sana ni cha Selig na Waters: jumlisha asilimia ya uzito inayopita chekeche la milimita 4.75 na ile inayopita la milimita 0.075. Chini ya 1 ni safi. Kuanzia 1 hadi chini ya 10 ni safi kiasi. Kuanzia 10 hadi chini ya 20 zimechafuka kiasi. Kuanzia 20 hadi chini ya 40 zimechafuka, na kuanzia 40 ni chafu kupindukia.

Kipimo hicho kina udhaifu mmoja: kinapima uzito, ilhali kinachoziba njia ya maji ni ujazo. Vumbi la makaa ya mawe lina uzito wa karibu nusu ya unga wa graniti kwa ujazo uleule. Kwenye njia inayobeba makaa, namba ya 15 inaweza kuwa mbaya kuliko 25 ya mahali pengine. Andika daima uchafu ni wa aina gani.

Hatua ya 9: Safisha data

Programu zina vitufe vingi kuliko unavyohitaji. Utaratibu wa kawaida ni huu: sawazisha sufuri ya muda kwenye usawa wa juu wa kokoto, ondoa mawimbi ya masafa ya chini yasiyo ya kweli, tumia chujio la kubakiza masafa ya antena yako pekee, ondoa mistari ya kudumu ya reli na ya antena yenyewe, chagua mipigo iliyoangukia kati ya mataruma na kuacha mingine, mwisho ongeza nguvu ya mwangwi wa chini ili uonekane.

Uondoaji wa mistari ya kudumu ndio wenye mtego. Programu huchukua wastani wa mipigo mingi na kuutoa kwenye kila mpigo. Ukitumia wastani wa mita chache, na mpaka wa kokoto na udongo umenyooka katika mita hizo, programu itauhesabu kuwa kelele na kuufuta. Utabaki ukishangaa kwa nini tabaka limepotea. Tumia wastani wa mamia ya mita.

Kuongeza nguvu nako kuna sharti lake: kuwe kulekule kwa njia nzima. Programu ikiachwa ijirekebishe kila mahali, itaifanya sehemu chafu iliyofifia ing'ae sawa na safi, na kufifia ndiko ulikokuwa unakutafuta. Kwa hesabu za mtawanyiko tumia data isiyoongezwa nguvu kabisa.

Hatua ya 10: Soma picha

Kokoto safi hutoa picha yenye madoadoa mengi yasiyo na mpangilio, na chini yake mstari mkali wa mpaka wa udongo. Kokoto chafu ni kimya: madoadoa yamefifia, picha ni laini, na mpaka wa chini umefifia au umetoweka.

Usidhani mpaka umetoweka kwa sababu haupo. Nguvu ya mwangwi hutegemea tofauti ya vitu viwili. Kutoka kokoto safi zenye 3 kwenda udongo wenye unyevu wa 20, wimbi lililorudi lina asilimia 44 ya kimo cha lililoshuka. Kutoka kokoto chafu zenye 8 kwenda udongo wenye 15, ni kama asilimia 16 tu, na hata hiyo imepita katika kokoto zinazolimeza wimbi. Tena uchafu kwa kawaida hupanda kutoka chini kidogo kidogo, hautandazwi kama zulia, hivyo mara nyingi hakuna mpaka mkali kati ya safi na chafu wa kuakisi. Ndiyo maana kufifia kwa madoadoa ni ushahidi mzuri kuliko kuusaka mstari.

Pale mstari wa chini unapozama kama bonde na kung'aa kupita kiasi, pengine udongo umebonyea na maji yametuama humo. Angalia kama vipimo vya usawa vinaonyesha njia inazama mahali hapo. Vikikubaliana, tatizo liko chini ya kokoto. Umbo la upinde wenye mgongo juu huwa ni kalavati, bomba au kebo. Kwenye madaraja yenye kokoto utaona mstari mkali usiobadilika: ni sakafu ya daraja, na ni mahali pazuri pa kuhakiki kasi kwa kuwa kina chake kiko kwenye michoro.

Kumbuka kwamba kina unachokisoma kinaanzia juu ya kokoto. Wahandisi huuliza unene ulio chini ya taruma, kwa hiyo toa kimo cha sehemu ya taruma iliyofukiwa, ambacho mara nyingi ni kama sentimita 20.

Hatua ya 11: Geuza picha kuwa uamuzi

Gawa njia katika vipande vya mita 5 au 10. Kwa kila kipande na kila mstari, toa nguvu ya wastani ya mtawanyiko ndani ya kokoto, kisha ilinganishe na namba za maabara kutoka kwenye mashimo. Chora mchoro wa nukta. Nukta zikipanga mstari unaoeleweka, una njia ya kukisia uchafu mahali ambapo hukuchimba. Zikitawanyika ovyo, usilazimishe. Toa madaraja matatu tu, yaani safi, ya kuangaliwa na chafu, na ongeza mashimo.

Sasa weka kando kwa kando rada, usawa wa njia na hali ya mitaro. Kokoto chafu na usawa mbaya: kipande hicho ndicho cha kwanza kwenye orodha ya kusafishwa, na usipoteze pesa kukishindilia, kwa sababu kushindilia kokoto zilizojaa matope huinua njia kwa muda mfupi tu na huvunja mawe mengine. Katikati pasafi ila mabega chafu: safisha mabega pekee, ni kazi rahisi mno kuliko kuondoa kokoto zote. Kokoto safi na usawa mbaya: shuku udongo wa tuta, na rudi na antena ya masafa ya chini. Kokoto chafu lakini usawa bado mzuri: zibua mitaro mapema na upime tena, maana kipande hicho kinasubiri mvua kubwa. Na kama mtaro umeziba, shughulika nao kabla ya mashine yoyote. Kokoto mpya zilizowekwa juu ya maji yaliyotuama zitachafuka kama za zamani.

Kwa vipande vya kusafishwa, mpe mwendesha mashine ramani ya unene. Akishusha mnyororo wa kukatia chini ya mpaka wa kweli, ataparua udongo na kuuchanganya na kokoto alizozisafisha.

Katika ripoti taja masafa ya antena, kimo chake, nafasi ya mipigo, kasi zilizotumika na mahali zilikotoka, tarehe ya mvua ya mwisho, na mahali pa kila shimo. Hifadhi data ghafi, si picha zilizosafishwa tu. Atakayepima baada ya miaka miwili atataka kupitisha data zote mbili katika hatua zilezile za programu, na bila data ghafi hataweza kujua kama njia imebadilika au ni mipangilio tu.